Kuandaa kipindi cha redio ya umma kwa wasikilizaji wa Kichina: mwongozo kamili kutoka Australia

Redio ya umma ya lugha nyingi nchini Australia ilizaliwa kwa sababu ya bima ya afya. Mwaka 1975 serikali ilikuwa mbioni kuanzisha bima ya Medibank, ikatambua kwamba wahamiaji wengi wasingejua hata pa kuanzia kwa kuwa maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza. Juni mwaka huo vikafunguliwa vituo viwili vya majaribio: 2EA mjini Sydney kwa lugha 7, na 3EA mjini Melbourne kwa lugha 8. Majaribio hayo hayakuzimwa tena. Mwaka 1978 ikaanza SBS, taasisi ya umma ya utangazaji wa lugha nyingi, na leo inatangaza kwa lugha zaidi ya 60, zikiwemo Kimandarini (Kichina rasmi cha China), Kikantoni (cha kusini mwa China) na Kiswahili.

Asili hiyo inajibu nusu ya maswali utakayokutana nayo. Kipindi cha wahamiaji kina kazi ya kumpa msikilizaji, kwa lugha anayoielewa bila kukunja uso, jambo litakalomfaa kabla ya Ijumaa. Nyimbo za nyumbani zina nafasi yake, salamu zina nafasi yake, lakini kazi hiyo ndiyo inayotangulia.

Nauandika mwongozo huu kwa ajili ya Waswahili wenzangu walioko kwenye redio za umma na za jamii ughaibuni. Wengi wetu tuliingia kupitia kipindi cha Kiswahili cha saa moja kwa wiki, kisha tukakabidhiwa uratibu wa lugha nyingine pia. Siku moja kikundi cha Wachina kinabisha hodi kuomba nafasi kwenye ratiba, na wewe Kichina hukijui. Si lazima ukijue. Kazi yako ni kujua maswali ya kuuliza, na kujua pa kukataa.

Hatua ya kwanza: amua ni Wachina gani

Hapa ndipo vipindi vingi huharibika kabla maikrofoni haijawashwa. Mtu anasema "kipindi cha Wachina" kana kwamba wote ni ukoo mmoja uliokaa sebule moja.

Kwa sensa ya mwaka 2021, watu 685,274 nchini Australia walizungumza Kimandarini nyumbani, na 295,281 walizungumza Kikantoni. Kimandarini ndiyo lugha ya nyumbani inayofuata baada ya Kiingereza. Takwimu hizo zinafunika matabaka mengi. Wachimba dhahabu wa miaka ya 1850 huko Victoria walitoka hasa Guangdong, kusini mwa China. Sheria ya mwaka 1901 ikafunga mlango kwa watu wasio weupe, na sera hiyo haikuzikwa rasmi hadi 1973. Baada ya 1975 wakaja Wachina wa Vietnam, wengi wao wakimbizi, wakiongea Kikantoni au Kiteochew, lugha nyingine ya kusini mwa China. Kutoka Timor Mashariki wakaja Wahakka, Wachina wenye lugha yao wenyewe. Kutoka Malaysia wakaja watu wanaobadilisha lugha nne katika mazungumzo ya chai moja. Wakaja wa Hong Kong kabla ya mji huo kurudishwa China mwaka 1997. Wakabaki maelfu ya wanafunzi kutoka China bara ambao Waziri Mkuu Bob Hawke aliwaruhusu kukaa baada ya mauaji ya Beijing ya Juni 1989. Kisha likaja wimbi kubwa la wanafunzi wa vyuo na familia za wafanyabiashara, na katika miaka ya karibuni watu wa Hong Kong tena.

Bibi wa miaka 78 kutoka Guangzhou anayelea wajukuu Box Hill na mwanafunzi wa uhasibu kutoka Chengdu anayeishi ghorofani katikati ya Melbourne wana pasipoti za aina moja. Redio yao si moja.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua takwimu za lugha kwa kila mtaa. Ofisi ya Takwimu ya Australia inazitoa bure. Utaona Hurstville, Chatswood na Eastwood upande wa Sydney, Box Hill na Glen Waverley upande wa Melbourne, Sunnybank upande wa Brisbane. Chagua mitaa inayofikiwa na masafa yenu. Halafu nenda kwa miguu: maktaba ya mtaa, zahanati yenye daktari wa Kichina, kanisa, hekalu, bustani ambayo wazee hufanyia mazoezi ya asubuhi. Mchukue mtu wa kukutafsiria. Uliza mambo matatu: masikio yako huwa huru saa ngapi? Habari unazipata wapi sasa hivi? Mwezi uliopita ni jambo gani la nchi hii lilikushinda kuelewa?

Swali la tatu ndilo lenye dhahabu. Majibu yake yatakulisha kwa miezi: bili ya umeme iliyopanda ghafla, barua ya hospitali, wito wa kuwa mzee wa baraza mahakamani, mjukuu aliyesimamishwa shule.

Mwisho wa hatua hii andika sentensi moja na uibandike ukutani studio. Kwa mfano: "Kipindi hiki ni cha wazee wa Kikantoni wa mashariki ya Melbourne wanaoishi na watoto wao na hawasomi Kiingereza." Ukiona sentensi inakuwa ndefu, unajaribu kumridhisha kila mtu.

Hatua ya pili: lugha moja kwa kipindi kimoja

Usichanganye Kimandarini na Kikantoni ndani ya saa moja. Kwa masikio ni lugha mbili mbalimbali, na msikilizaji anayesubiri dakika thelathini zake huhama kabla hazijafika. SBS imezitenga tangu zamani, na wewe zitenge, hata kama maana yake ni kuanza na moja na kuiacha nyingine hadi mwakani.

Ugumu wa Kikantoni uko kwenye maandishi. Taarifa rasmi huandikwa kwa Kichina sanifu, ambacho msamiati wake uko karibu na Kimandarini. Mtangazaji wa Kikantoni anasoma karatasi iliyoandikwa "tamen" (yaani "wao") na kinywa chake kinatamka "keoidei". Anageuza viunganishi, vitenzi, hata mpangilio wa maneno, huku taa nyekundu inawaka. Wale waliolelewa na redio ya Hong Kong hulifanya bila kutoa jasho. Mtu aliyejifunza Kikantoni cha nyumbani tu huishia kusoma maandishi kama yalivyo kwa matamshi ya Kikantoni, na msikilizaji anasikia hotuba ya ofisini. Basi kwenye usaili usimpe mtu nafasi ya kujiandaa. Mpe taarifa asiyowahi kuiona, asome papo hapo, na mzee wa Kikantoni awe chumbani akisikiliza.

Kwa Kimandarini angalia jina la lugha yenyewe. Watu wa China bara huiita Putonghua, wa Taiwan huiita Guoyu, wa Malaysia na Singapore huiita Huayu. Chagua kulingana na ile sentensi ya ukutani, kisha usiwasahihishe wageni studio wanaotumia jina jingine.

Hatua ya tatu: watu

Anza na watu wanne, hata kama kipindi ni cha saa moja. Wawili wa sauti, mmoja wa kutafuta wageni na kupokea simu, mmoja wa kuhariri. Jitahidi wasitoke mji mmoja. Timu yote ikiwa imetoka Shanghai, itaandaa kipindi cha Shanghai bila kujua.

Mhariri ni lazima awe mtu tofauti na msomaji. Wewe usiyejua lugha unamtegemea yeye, kwa hiyo mtafute mwenye msimamo, kisha uwe na msikilizaji wa nje ambaye timu haimjui, anayesikiliza rekodi moja kila mwezi na kukuandikia ukurasa mmoja.

Kuna jambo ambalo waratibu wengi hawalifikirii kwa kuwa kwenye Kiswahili hatukutani nalo mara kwa mara. Mtangazaji wa Kichina anaweza kuwa na wazazi au ndugu China bara au Hong Kong, na akiwa na hofu juu yao hatakuambia mara ya kwanza. Mruhusu atumie jina la redio. Usimlazimishe kupiga picha kwa ajili ya ukurasa wa kituo. Mada nzito zikija, mpe nafasi ya kukaa pembeni bila kuulizwa sababu, na mtu mwingine asome. Yasemeni haya mapema, mbele ya wote, liwe utaratibu wa nyumba. Mtu asijikute peke yake akiomba fadhila.

Hatua ya nne: saa na mpangilio

Wazee waliostaafu husikiliza asubuhi baada ya wajukuu kupelekwa shule, na tena jioni wakipika. Wenye migahawa huwa hai usiku mno. Wanafunzi hawana redio kabisa. Wao watakufuata kwenye podikasti. Ukipewa nafasi ya Jumapili saa nane mchana, uliza kama kuna nyingine.

Kwa wazee wa Kikantoni, mpangilio unaofanya kazi saa nne hadi saa tano asubuhi ni huu. Dakika moja ya kiashirio na salamu, pamoja na tarehe ya kawaida na tarehe ya kalenda ya mwezi, maana wazee huifuata. Dakika sita za habari. Dakika mbili za hali ya hewa na usafiri: treni ipi haitembei leo. Wimbo. Kisha dakika kumi na mbili za huduma, ambazo ndizo moyo wa kipindi: jambo moja tu, linaelezwa hatua kwa hatua. Wimbo mwingine. Dakika kumi na tano za simu za wasikilizaji juu ya jambo lile lile. Wimbo. Dakika nane za matangazo ya jamii na mazungumzo mafupi na mgeni. Dakika nne za mwisho ni kurudia namba zote zilizotajwa, polepole, mara mbili.

Hizo dakika nne usizikate hata siku moja. Mzee anapotafuta kalamu, namba imeshapita.

Kuhusu muziki nitasema machache. Deng Lijun, mwimbaji wa Taiwan aliyefariki mwaka 1995, anasikilizwa kwa furaha na watu wa Taipei, Beijing na Kuala Lumpur walio juu ya miaka hamsini, na wapo wachache sana wa namna yake. Kwa Wakantoni weka opera ya Kikantoni, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2009, lakini iwe kipande kifupi.

Hatua ya tano: kuandika kwa ajili ya sikio la Kichina

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha kipindi kizuri na tafsiri iliyosomwa kwa sauti.

Marufuku ya kwanza: msitafsiri taarifa ya habari ya Kiingereza sentensi kwa sentensi. Msomaji wa Kiingereza anajua tayari baraza la mji ni nini na linafanya nini. Msikilizaji wako huenda hajui kwamba takataka, maktaba na kibali cha kujenga uzio vyote viko kwa baraza hilo. Mwandishi wa Kichina aisome habari, aweke karatasi chini, kisha amsimulie mwenzake kwa mdomo. Kilichosemwa ndicho kiandikwe.

Kisha namba. Sisi tunahesabu kwa elfu na milioni. Kichina kinahesabu kwa makundi ya elfu kumi: wan ni 10,000, na yi ni 100,000,000. Milioni moja ni wan 100. Bilioni moja ni yi 10. Mtangazaji anayegeuza namba kutoka Kiingereza papo hapo hupoteza au huongeza sifuri, hata akiwa na shahada ya hesabu, kwa sababu kichwa chake kinafanya kazi mbili kwa pamoja.

Tuchukue mfano halisi. Mwaka 2020 polisi wa New South Wales walitangaza visa 8 vya utekaji wa bandia dhidi ya wanafunzi wa Kichina, ambapo familia zilikuwa zimelipa jumla ya dola milioni 3.2. Mpigaji simu huongea Kimandarini, hujifanya afisa wa ubalozi, wa polisi au wa kampuni ya vifurushi, humwambia mwanafunzi kwamba jina lake limekutwa kwenye uhalifu. Humtisha hadi akate mawasiliano na watu wake, ajifiche hotelini, ajipige picha akiwa amefungwa kamba. Picha hizo hutumwa kwa wazazi China pamoja na dai la fidia.

Kwenye muswada, kiasi hicho kiandikwe mara mbili: 3.2 milioni kwa tarakimu, na chini yake wan 320 kwa herufi za Kichina. Mhariri aweke alama ya tiki juu yake. Namba isiyo na tiki haisomwi. Kisha sehemu ya huduma isiishie kwenye "jihadharini". Iseme: ubalozi hauwapigii watu simu kudai pesa, kata simu, tafuta mwenyewe namba ya ubalozi na upige, mpigie mwanao kwa njia nyingine kabla hujatuma hata senti. Mzazi aliyesikia hatua hizo nne ana cha kufanya simu ikiita usiku.

Namba za simu nazo zina adabu yake. Watu wengi wa Kimandarini husoma 1 ya namba ya simu kwa neno la Kichina "yao", kwa sababu yi (moja, si ile yi ya hesabu kubwa) na qi (saba) hukaribiana simu ikiwa na mkwaruzo. Namba ya huduma ya wakalimani ya taifa ni 131 450. Iwekeni katika kila kipindi, kila wiki: anayepiga hutaja lugha yake, anaunganishwa na mkalimani, kisha na ofisi anayoitaka. Na 000 ya polisi, zimamoto na gari la wagonjwa isomwe tarakimu moja moja.

Majina ya watu na miji yaandaliwe kwenye daftari. Trump huitwa Telangpu China bara, na Chuanpu Taiwan. Sydney ni Xini kwa Beijing, na kwa Wakantoni wengi ni Syutlei. Chagueni moja kufuatana na wasikilizaji wenu, iandikeni, na kila mtangazaji aifuate. Majina ya Wachina wenyewe ni kazi nyingine: Kichina kina maneno mengi yanayofanana kabisa kwa sauti, na msikilizaji haoni herufi. Mgeni, tuseme wakili, akiitwa Zhang, mtangazaji mzuri huongeza "gong chang Zhang", yaani Zhang inayoandikwa kwa upinde na urefu, asije akachanganywa na Zhang ya "li zao". Kwa msikilizaji anayetaka kumtafuta wakili huyo kesho, maneno hayo matatu yana thamani kubwa.

Barabara, stesheni za treni na hospitali zitajwe kwa Kichina na pia kwa Kiingereza, kwa sababu kibao kilichoko barabarani ni cha Kiingereza. Vifupisho viachwe. Maneno ya kishairi ya herufi nne nne, ambayo wasomi wa Kichina huyapenda kama sisi tunavyopenda methali, yatumike kwa kipimo. Kwenye taarifa ya dharura yasitumike kabisa.

Kasi ya kusoma habari za Kimandarini mara nyingi ni herufi 250 hadi 300 kwa dakika. Kwa wazee shukeni hadi 220 hivi. Taarifa ya dakika sita basi haizidi herufi 1,300, na mhariri ahesabu kabla ya kuingia studio.

Hatua ya sita: habari za dharura

Julai 2020 minara 9 ya nyumba za umma huko Flemington na North Melbourne ilifungwa mchana mmoja kwa sababu ya korona, na watu wapatao 3,000 wakazuiwa ndani bila onyo. Humo walikuwemo watu wa Afrika Mashariki wengi, na Wachina, na Wavietnam. Wakazi walilalamika kwamba maelezo kwa lugha zao yalichelewa, na vijana wa majengo hayo ndio waliojitolea kutafsiri kwa simu zao. Mwezi uliofuata likaonekana bango la serikali kuhusu korona lililochanganya Kiarabu na Kifarsi katika maandishi yale yale.

Funzo kwa ratiba yako ni la kiutendaji. Usisubiri tafsiri ya serikali. Andaeni mapema, kabla ya kiangazi, vifungu vya Kichina vilivyohaririwa kwa moto wa nyika, mafuriko, joto kali na kukatika kwa maji, vikiwa na nafasi wazi za jina la mtaa na saa. Vikae kwenye faili moja ambalo fundi mitambo wa zamu anajua liliko. Moto wa Jumamosi ya tarehe 7 Februari 2009 uliua watu 173 huko Victoria. Jambo la namna hiyo halingoji mtu afungue kamusi.

Hatua ya saba: uhuru wa kipindi

Punde tu mtakapoanza kusikika, mtapewa vitu vya bure: vipindi vilivyorekodiwa tayari, vyenye sauti safi, kutoka Beijing au kwingineko. Kwa kituo kisicho na pesa, hiki ni kishawishi kikubwa.

Sisi Waswahili tuna uzoefu hapa. Redio ya China ya Kimataifa ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961, na mwaka 2006 ilifungua Nairobi kituo chake cha kwanza cha FM nje ya China. Inajitambulisha kwa jina lake, na msikilizaji wa Nairobi anajua anamsikiliza nani. Tatizo liko pale chanzo kinapofichwa. Novemba 2015 shirika la Reuters lilifichua mtandao wa vituo visivyopungua 33 katika nchi 14 vilivyokuwa vikirusha maudhui ya redio hiyo huku umiliki wake ukiwa umefunikwa na makampuni ya kati. Na Machi 2021 SBS yenyewe ilisimamisha kurusha habari za CGTN na CCTV, televisheni za serikali ya China, baada ya malalamiko kuhusu watu kuonyeshwa wakikiri makosa kwa kulazimishwa.

Sheria ninayoishauri ni fupi: habari zote zinaandikwa na timu yenu. Kipande chochote kutoka nje kinatajwa chanzo chake kabla na baada ya kuchezwa, iwe kimetoka kwa serikali ya China, ya Taiwan, kundi la dini au chama cha upinzani. Mwisho, daftari la majina lina ukurasa wa maneno yenye uzito wa kisiasa, yaliyokubaliwa na kituo kizima, ili mtangazaji akilaumiwa aseme ni sera ya kituo.

Tarehe 1 Oktoba ni sikukuu ya Beijing, tarehe 10 Oktoba ni ya Taipei, na tarehe 4 Juni ina majonzi ya mauaji ya 1989. Mtaletewa maombi ya salamu kwa zote, na mtapigiwa simu na waliokasirika. Amueni mwezi mmoja kabla.

Hatua ya nane: simu na mitandao

Simu za moja kwa moja ziwe na ucheleweshaji wa sekunde saba, na mpokeaji awe na sauti ya upole lakini asiyeyumba. Wakantoni wana utamaduni mrefu wa kupiga simu redioni; redio ya umma ya Hong Kong, RTHK, inahesabu asili yake tangu 1928. Wazee wa Kimandarini huwa wazito mwanzoni. Wao waombeni watume ujumbe wa sauti, muuchague na kuucheza.

WeChat hamwezi kuikwepa; ndiko waliko watu wa China bara. Lakini isiwe ghala lenu. Kundi moja halizidi watu 500, na ujumbe unaweza kufutwa na wenye mtandao. Januari 2022 iligundulika kwamba akaunti ya Waziri Mkuu Scott Morrison, iliyokuwa imesajiliwa kwa jina la raia wa China, imebadilishwa jina na kuchukuliwa na watu wengine. Kama waziri mkuu alipoteza akaunti, kituo cha jamii hakina kinga. Rekodi kamili zikae kwenye tovuti yenu na kwenye podikasti, kwa herufi zilizorahisishwa kwa wa China bara na Malaysia, na herufi za asili kwa wa Hong Kong na Taiwan. Hao wa mwisho wafuateni WhatsApp, Facebook na LINE.

Hatua ya tisa: pesa na sheria

Kituo cha jamii Australia hakiruhusiwi kurusha matangazo ya biashara. Kinaruhusiwa matangazo ya wadhamini yasiyozidi dakika 5 kwa saa, na kila moja liseme wazi kwamba ni la mdhamini. Sharti hilo linabana kwa Kichina kama linavyobana kwa Kiingereza. Mwenye mgahawa akija studio kama "mgeni" kuelezea supu yake dakika kumi, hilo ni tangazo. Dai tafsiri ya maandishi ya kila tangazo kabla halijarushwa.

Uchaguzi una kanuni zake: matangazo ya kisiasa hayarushwi kuanzia mwisho wa Jumatano kabla ya siku ya kura hadi vituo vya kupigia kura vifungwe. Kuelimisha kunaruhusiwa, na kunahitajika mno. Kupiga kura ni lazima kwa raia, na karatasi ya kijani ya Baraza la Wawakilishi hutaka kila kisanduku kiandikwe namba. Anayeweka alama moja ya vema, kama alivyozoea kwingine, anaweza kuharibu kura yake. Tumieni vipindi viwili vizima kwa hilo.

Hatua ya kumi: kupima

Vituo vidogo havina utafiti wa wasikilizaji, na havihitaji kuungoja. Wekeni daftari kwenye meza ya simu: kila anayepiga, aulizwe mtaa wake na jambo lililomleta. Baada ya miezi mitatu mlinganishe na sentensi ya ukutani. Mkiwa mlilenga Wakantoni wa Box Hill na wanaopiga ni Wamalaysia wa Glen Waverley, badilisheni sentensi au badilisheni saa.

Rudini pia kwenye bustani na maktaba mlikoanzia, mkiwa na kinasa sauti. Msiulize kama wanakipenda kipindi. Watasema ndiyo kwa adabu. Waulizeni namba ya wakalimani ni ipi. Kama wanaitaja bila kutazama karatasi, ombeni kituo kiwaongezee saa ya pili, na ile ya Kimandarini iingie kwenye ratiba ya msimu unaofuata.